Tezi Iliyolala: Jinsi Homoni za Msongo Zinavyoamsha na Kunyamazisha Jeni katika Tezi ya Pituitari

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii inamlaumu mgonjwa anayenyamaza. Je, tusemeje kuhusu mgonjwa asiyeficha lolote, ila walio karibu naye wamekosa maneno ya kumweleza kinachomsibu? Swali hili lilinijia nikiwa katika hospitali moja ya Pwani ya Kusini, nimeketi kando ya kitanda cha nyanya yangu.

Nyanya ni mkazi wa Msambweni, na kwa miaka mingi amesumbuliwa na maumivu ya viungo. Jirani alimwelekeza kwenye vidonge vidogo vya prednisoloni, naye akavimeza kila siku kwa muda wa miezi minane bila kuandikiwa na daktari. Maumivu yalitulia. Akarudi kusuka makuti na kuhudhuria harusi kwa miguu yake mwenyewe. Uso wake ukajaa, hata wageni wakamsifu kuwa amenawiri. Kisha shangazi yangu akasikia kwamba vidonge hivyo hudhuru, akavitupa vyote siku hiyohiyo. Wiki haikuisha kabla nyanya hajaishiwa na nguvu, akawa anatapika na kushikwa na kizunguzungu kila alipoinuka. Wapo waliosema ni malaria na wapo waliotaja pepo. Daktari aliuliza swali moja tu: ni dawa gani aliyoiacha ghafla?

Baada ya kumtibu, daktari alinieleza tatizo kwa Kiingereza nami nikaitikia kwa kichwa. Alipoondoka, nyanya aliniuliza, "Mjukuu wangu, daktari asemaje?" Mimi, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, nilibabaika. Nikajibu, "Nyanya, anasema kuna tezi kichwani imelala." Akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Imelala kwa nini? Na itaamka lini?"

Makala haya ni jitihada ya kuyajibu maswali hayo mawili. Yanaeleza jinsi homoni za msongo zinavyoamsha na kunyamazisha jeni ndani ya tezi ya pituitari, jinsi mpango huo unavyoweza kuvurugika, na kwa nini suala hili linamhusu mtu wa kawaida wa Kwale na kwingineko.

Msongo na Safari ya Ujumbe Mwilini

Neno "msongo" limetokana na kitenzi "songa", yaani kubana au kukandamiza. Mtu aliyesongwa na mambo ni mtu aliyebanwa pande zote. Katika taaluma ya tiba, msongo ni hali yoyote inayoulazimisha mwili kujihami: njaa, jeraha, maradhi, hofu au huzuni. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal nchini Kanada, alichapisha ripoti fupi kuhusu panya waliopatishwa madhara ya aina mbalimbali. Aligundua kuwa, ingawa madhara yalitofautiana, miili ya panya hao iliitikia kwa namna moja, na miongoni mwa dalili zake ilikuwa kuvimba kwa tezi za adrenali zilizo juu ya figo.

Ili kuielewa njia ya mwitikio huo, tumfikirie mvuvi wa Gazi au Shimoni anayekumbwa na dhoruba ya kusi akiwa ndani ya ngalawa. Katika sekunde za mwanzo moyo unaenda mbio na viganja vinatoa jasho. Hiyo ni kazi ya neva na homoni ya adrenalini. Nyuma yake unafuata mwitikio wa pili, wa polepole zaidi lakini wenye kudumu. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inatoa homoni ya CRH, ambayo ilitambuliwa kikamilifu mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake. Homoni hii inapita katika mishipa midogo sana ya damu hadi kwenye tezi ya pituitari, ambayo imening'inia chini ya ubongo, nyuma ya pua, katika kishimo cha mfupa. Tezi hiyo ni ndogo kama punje ya njegere na uzito wake ni takriban nusu gramu.

Seli maalumu za pituitari zikipokea CRH, zinamwaga homoni ya ACTH katika damu. ACTH inasafiri hadi kwenye tezi za adrenali na kuziamuru zitengeneze kotisoli. Kotisoli ndiyo homoni kuu ya msongo kwa binadamu. Inaliamuru ini litoe sukari, inasaidia kudumisha shinikizo la damu na inauzuia uvimbe usipite kiasi. Bila kotisoli mvuvi wetu hangehimili dhoruba. Hangehimili hata homa ya kawaida. Si ajabu kwamba Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1950 kwa kazi yao kuhusu homoni za tezi hizo.

Kotisoli haingoji hatari pekee. Kila siku kiwango chake hupanda katika saa za mwisho za usiku, hufikia kilele karibu na wakati wa kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku wa manane. Ni lazima basi pawe na kitu kinachouambia mwili kwamba kotisoli imetosha. Kitu hicho ni kotisoli yenyewe, na mojawapo ya mahali pakuu inapofanyia kazi hiyo ni ndani ya seli za pituitari.

Usemi wa Jeni

Msomaji wa fasihi hatapata taabu kuielewa jeni akiifikiria kama shairi lililomo katika diwani. Diwani ni DNA, nayo imehifadhiwa katika kiini cha seli. Binadamu ana jeni takriban 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini. Karibu kila seli ya mwili ina diwani nzima, iwe ni seli ya ngozi, ya ini au ya pituitari. Kinachozitofautisha seli hizi ni mashairi yanayoghaniwa. Jeni inayosomwa, ikanakiliwa, na nakala yake ikatumika kutengeneza protini, tunasema ina usemi. Jeni isiyosomwa imenyamaza, ingawa haijafutwa kitabuni.

Jeni inayotuhusu inaitwa POMC. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Japani, wakiongozwa na Shosaku Numa na Shigetada Nakanishi, walishughulikia nakala ya jeni hii kutoka kwa pituitari za ng'ombe, na mwaka 1979 wakatangaza mpangilio wake. Ilibainika kuwa jeni hii moja inatoa protini ndefu ambayo baadaye hukatwa vipande, kama jora la leso linavyokatwa doti kwa doti. Kipande kimojawapo ni ACTH, chenye asidi-amino 39. Kingine ni endofini, ambayo hupunguza maumivu. Kwa hiyo pituitari ikiacha kuisoma jeni ya POMC, akiba ya ACTH hupungua, na tezi za adrenali hukosa wa kuziamuru.

Namna Kotisoli Inavyoinyamazisha Jeni ya POMC

CRH inapofika kwenye seli ya pituitari, haiingii ndani. Inagusa kipokezi kilicho kwenye utando wa nje, na ujumbe unapokezanwa hadi kiini. Humo protini kama Nur77 na Tpit zinashikilia sehemu ya mwanzo ya jeni ya POMC na kuifanya isomwe kwa wingi. Hivyo ndivyo jeni inavyoamshwa.

Kotisoli ina njia tofauti. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ndani ya seli kinaisubiri kipokezi chake, protini ambayo jeni yake kwa binadamu ilitambuliwa mwaka 1985 katika maabara ya Ronald Evans huko California. Kabla ya kotisoli kufika, kipokezi hicho hushikiliwa na protini wasaidizi nje ya kiini. Kotisoli ikikiingia, umbo lake hubadilika, kikaachiliwa, kikaelekea ndani ya kiini.

Kikiwa humo, kipokezi hicho kinaweza kufanya mambo mawili yanayokinzana. Kwa baadhi ya jeni, hukaa moja kwa moja juu ya DNA na kuziamsha. Mfano katika pituitari ni jeni ya homoni ya ukuaji. Kwa jeni ya POMC hufanya kinyume. Maabara ya Jacques Drouin, mjini Montreal vilevile, ilionyesha kuwa kipokezi chenye kotisoli huishika protini ya Nur77 na kuizuia isitimize kazi yake. Huandamana pia na kimeng'enya kiitwacho HDAC2, ambacho huondoa alama ndogo za kemikali zilizo kwenye histoni. Histoni ni protini ambazo DNA imezungushiwa kama uzi kwenye kibiringo. Alama zikiondolewa, uzi hukazwa, na wanakili wa jeni hawapati nafasi ya kuifikia. Shairi limo kitabuni, lakini ukurasa umefungwa.

Kazi hii hufanyika kwa kasi mbili. Ndani ya dakika chache kotisoli huizuia seli isimwage ACTH iliyokwisha kutengenezwa. Baada ya saa kadhaa, kunyamazishwa kwa jeni ya POMC hupunguza utengenezaji wa ACTH mpya. Wakati huohuo kotisoli huamsha jeni nyingine iitwayo FKBP5, ambayo protini yake hukifanya kipokezi kiishike kotisoli kwa ulegevu zaidi. Yaani kotisoli inakanyaga breki, na papo hapo inatengeneza kifaa cha kuzuia breki isikazwe kupita kiasi. Mvuvi akifika pwani salama, mawimbi ya homoni nayo hutulia.

Breki Inapolegea: Nyani wa Maasai Mara na Watoto wa Goma

Itakuwaje iwapo dhoruba haikomi? Baadhi ya majibu ya swali hili yamepatikana katika ardhi ya Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1978 Robert Sapolsky, mtafiti kutoka Marekani, alikuwa akirejea mwaka baada ya mwaka katika eneo la Maasai Mara kuchunguza nyani wa mwituni. Aligundua kuwa, pale ambapo ngazi za mamlaka zilikuwa zimetulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli nyingi hata wakati wa mapumziko. Alipowapa deksamethasoni, dawa inayofanana na kotisoli, tezi zao hazikutii kama zile za madume wakubwa. Kwa kuwa deksamethasoni haipenyi ubongo kwa urahisi, kipimo hiki hueleza hasa hali ya pituitari. Nyani hao wanyonge walikuwa na breki iliyolegea.

Ni vyema tusikimbilie kusema kwamba wakubwa daima wana raha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu nyani madume 125 wa Amboseli, uliofuatiliwa kwa miaka tisa, ulionyesha kuwa dume aliye kileleni ana homoni za msongo nyingi kuliko anayemfuata. Kukilinda kiti nako kuna gharama yake.

Mfano wa pili unatoka Goma, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Wengi wa akina mama hao walikuwa wamepitia vita na dhuluma. Watafiti walichunguza NR3C1, jeni yenye maagizo ya kutengeneza kile kipokezi cha kotisoli. Walikuta kwamba kadiri mama alivyokuwa amepatwa na msongo mkali wakati wa ujauzito, ndivyo jeni ya mtoto ilivyokuwa na alama nyingi zaidi za metili, ambazo aghalabu huinyamazisha jeni. Watoto wenye alama nyingi walizaliwa pia na uzito mdogo. Idadi hiyo ya washiriki ni ndogo, na sampuli zilikuwa za damu, si za pituitari yenyewe. Hivyo basi matokeo hayo ni ishara, wala si hukumu juu ya maisha ya mtoto yeyote. Hata hivyo yanatufundisha kuwa dhiki ya mama si jambo la moyoni pekee. Inaweza kuacha alama juu ya ukurasa ambao mtoto atausoma.

Tezi Iliyolala

Sasa tumrudie nyanya. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani. Miligramu 5 hivi za dawa hii zinakaribia nguvu ya kotisoli ambayo mwili hujitengenezea kwa siku. Inaingia katika kipokezi kilekile, na pituitari haina njia ya kutambua kama mgeni huyu ametoka juu ya figo au dukani. Inachojua ni kwamba kotisoli ni tele. Basi jeni ya POMC hunyamazishwa siku baada ya siku. Haipothalamasi nayo hupunguza CRH. Tezi za adrenali, kwa kukosa ACTH, husinyaa kama misuli ya mguu uliokaa ndani ya plasta kwa muda mrefu.

Dawa ikiendelea, mgonjwa hatambui lolote isipokuwa uso kujaa, sukari au shinikizo la damu kupanda, na mifupa kudhoofika polepole. Hatari kubwa huja dawa inapokatwa ghafla baada ya wiki kadhaa au miezi ya kutumiwa. Kotisoli ya dukani imeondoka na ya mwilini haipo. Mgonjwa huishiwa na nguvu, hutapika, shinikizo la damu hushuka na sukari yaweza kupungua. Akipatwa na homa au jeraha katika hali hiyo, anaweza kupoteza maisha. Hivyo ndivyo vidonge vilivyotupwa kwa nia njema vilivyomlaza nyanya kitandani.

Vidonge si njia pekee ya kufikia hali hii. Krimu kali zenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo baadhi ya watu huzipaka mwili mzima ili kung'arisha ngozi, hupenya hadi kwenye damu, na zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuilaza pituitari vivyo hivyo.

Hata hivyo itakuwa kosa kuzishutumu dawa hizi. Huokoa wagonjwa wa pumu na wenye mzio mkali. Mnamo Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni au mashine za kupumulia. Jambo la kuzingatia ni kwamba dawa hizi zina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na milango yote miwili yafaa ifunguliwe na mhudumu wa afya. Asiyeandikiwa asianze. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda asiache ghafla, hata akigundua kuwa alikosea kuanza. Aende hospitali aeleze ukweli. Na kila anayezitumia, au aliyeziacha karibuni, amwarifu daktari anapougua au kabla ya kufanyiwa upasuaji.

Kutoka Maabara hadi Barazani

Je, haya yote yanaihusu vipi jumuiya ya wanafunzi wa Kiswahili? Istilahi nyingi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Pengo lililobaki si la msamiati tu. Ni la wasimulizi, yaani watu wa kuyachukua maneno ya kamusi na kuyapanga katika maelezo ambayo bibi wa Msambweni au kijana wa bodaboda wa Ukunda atayafuata bila kuona haya kuuliza. Kazi ya kusimulia ndiyo tuliyosomea sisi.

Siku ya tatu hospitalini nilijaribu tena. Nilimwambia nyanya kuwa tezi yake ni mpishi wa harusi. Kila siku alipika chakula cha kuwatosha wageni. Kisha sinia zikaanza kuletwa kutoka nje, tena zimejaa. Mpishi alipoona hivyo akazima moto, akalala. Siku sinia za nje zilipokoma kwa ghafla, jiko lilikuwa baridi na wageni wana njaa. Sasa daktari ameamua sinia zirudi, halafu zipunguzwe kidogo kidogo, ili mpishi aone upungufu na kuukoleza moto mwenyewe.

"Na atachukua muda gani?" aliuliza.

"Pengine miezi, nyanya. Wengine huchukua mwaka na zaidi. Watakupima damu asubuhi ili waone kama ameamka."

"Basi mwambie shangazi yako asimharakishe mpishi," akasema, "na vidonge nivihesabu mwenyewe."

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa kotisoli, homoni kuu ya msongo, hurudi katika pituitari na kuinyamazisha jeni ya POMC iliyoanzisha utengenezaji wake. Yameonyesha pia kuwa breki hiyo inaweza kulegea kwa dhiki ya muda mrefu, au kukazwa kupita kiasi kwa dawa zinazofanana na kotisoli, na kwamba kuziacha dawa hizo kwa ghafla kunahatarisha maisha.

Tungependa kuwahimiza wanafunzi wenzetu, kila mmoja katika likizo yake, achague maradhi moja yaliyomo nyumbani kwao, amwendee mhudumu wa afya aulize hadi aelewe, kisha ayaeleze kwa Kiswahili mbele ya wazee wake. Wakimwuliza swali asiloweza kulijibu, arudi akaulize tena. Mimi nilirudi mara mbili. Nyanya angali anapunguza vidonge vyake kwa ratiba aliyopewa, na kila mwezi anapokwenda kliniki humwambia mwuguzi kwamba amekuja kumtazama mpishi.